Kaboni ya Siri ya Kimulot

Jumatatu, 7 Julai
Habari kubwa Kimulot. Serikali inatafuta watu wanaotengeneza vitu vipya vya kawi safi, iwape pesa za utafiti. Wataalamu wanakuja Jumamosi kumwona Chelangat, jirani yangu. Msichana huyu nimemuuzia balbu dukani kwangu tangu akiwa kidato cha kwanza. Sasa anachoma matawi ya chai yaliyopogolewa, ndani ya pipa lisiloingiza hewa, anapata kaboni ya kutengenezea betri. Betri ihifadhi stima ya jua, kiwanda cha chai kipunguze kukata miti. Kichwa hicho! Nikimsikiliza nasahau wateja.

Lakini kwani mimi nina kasoro gani? Nimeandikisha jina. Maabara: banda la nyuma. Priscillah, mke wangu, anasema banda ni la ng'ombe wake anayekaribia kuzaa, na baridi hii itaua ndama. Nimeomba mpaka Jumamosi. Nikishindwa, ng'ombe anaingia. Nimekubali haraka kwa sababu sitashindwa.

Jumatano, 9 Julai
Nimechoma matawi yangu. Nimepata majivu. Priscillah ameyasugulia sufuria, anasema yanafanya kazi vizuri. Sikucheka.

Nimemuuliza Chelangat siri yake. Akanieleza yote bila choyo, hadi joto la pipa. Mtu wa ajabu. Anayetoa siri hivyo lazima amebakisha nyingine kubwa zaidi.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeipata. Nyuma ya jikoni kwao, kwenye sinia: makaa yaliyosagwa laini, yamefunikwa kwa kitambaa safi. Nani hufunika makaa ya kawaida kwa kitambaa? Nimeazima yote. Kuomba ruhusa kungechelewesha sayansi.

Jumamosi, 12 Julai
Wageni wamefika, wakiongozwa na Daktari Cate kutoka Nairobi. Chelangat akaunganisha betri yake. Balbu ikawaka. Mvua ikaja, stima ikapotea kijiji kizima, balbu ya Chelangat ikaendelea kuwaka. Nilipiga makofi kumshinda mama yake. Machozi yalinilenga, sisemi uongo.

Kisha zamu yangu. Chupa ya jemu, maji ya chumvi, nyaya mbili, kaboni ya siri. Giza. Nikatikisa chupa. Giza.

Mama Chelangat akasogea, akachota kidogo, akanusa. Akaniuliza kwa upole, Baba Shirley, haya si makaa yangu ya senetwet? Kumbe ni mti wanaouchoma Wakipsigis, wenyeji wa hapa, makaa yake wanasugulia ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa yagande kuwa mursik. Ameyatafuta tangu Alhamisi. Ndiyo maana wageni wa serikali walipewa chai tu, bila mursik. Miaka yote hii naishi hapa, nakunywa mursik yao kila Krismasi, na sijawahi kuuliza weusi ule unatoka wapi.

Wote walicheka isipokuwa Chelangat. Yeye aliwaambia wageni kwamba nyaya nilizipanga sawasawa. Mungu amzidishie.

Jumatano, 16 Julai
Chelangat amepata pesa za utafiti. Nimetangaza dukani kama vile ni binti yangu. Ng'ombe naye alishaingia bandani, leo asubuhi amezaa. Ndama jike, mzima kabisa. Priscillah amempa jina Kaboni.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya kanisa nimepeleka sukari kwa Mama Chelangat, nikamwomba msamaha. Akanisamehe, akanipa kibuyu kizima cha mursik. Nimekunywa vikombe vitatu, nikapanda kilima chote bila kupumzika. Mimi, mwenye goti hili! Nikasimama katikati ya njia. Hii ni nini kama si kawi? Haina moshi. Haikati miti. Na serikali haijaisikia.

Nimemwambia Priscillah ng'ombe na Kaboni wahame banda kwa wiki moja tu. Amefunga banda kwa kufuli na ufunguo akampelekea Chelangat.

Afadhali. Chelangat hajawahi kuninyima kitu.