Suti Yangu ya Kupandia Mawimbi

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu amekuwa mwalimu mkuu! Mwalimu mkuu wa shule ya kupanda mawimbi, shule yake mwenyewe, kibao kimeshapakwa rangi, nimekiona kwa macho yangu haya mawili! Haya, sasa ndiyo hujambo, shajara. Mimi sijambo. Nimevimba tu kwa furaha.

Wenzangu watoto wao wana vyeti ukutani. Wangu ana bahari nzima. Anasimama kwenye ubao juu ya wimbi kama mtu anayesubiri zamu yake benki, hana wasiwasi. Na nani alimfundisha? Mama yake. Fundi cherehani, niliyeishia darasa la saba. Nilimlaza kwenye mlango wa kabati bovu nikamsukumia majini akiwa hajaota hata meno ya mbele. Siku hizo na mimi nilikuwa nasimama. Watu walikuwa wanaacha shughuli zao kunitazama. (Baba watoto anasema walikuwa wanatazama gauni lilikofika. Wivu.)

Habari yenyewe kubwa ni hii. Siku ya ufunguzi anataka wimbi la kwanza tupande pamoja, yeye na mimi, ubao mmoja. Nililia hapo hapo, juu ya koti la mteja. Lakini kuna sharti. Nina miaka hamsini na tisa (nasema hamsini na mbili), kwa hiyo lazima mwalimu wa mazoezi wa shule anipime kwanza. Nikishindwa, nafasi yangu anachukua mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu, maana wageni wote wameshaambiwa watamwona mama kwenye ubao, na mama lazima apatikane.

Huyo mkwe mwenzangu humu ndani nitamwita Sindano. Ni mwembamba, amenyooka, na akikugusa anachoma. Huogelea kila asubuhi. Hana kazi.

Sindano kwenye wimbi langu! Labda nizikwe kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu wa mazoezi. Msichana mpole, ana mikono kama ya mwashi. Nikamwambia asijisumbue, ng'ombe hazeeki maini. Akasema maini hatayapima, ni magoti.

Akaniomba nilale kifudifudi kwenye mkeka, halafu ninyanyuke kwa mruko mmoja kama niko kwenye ubao. Nikanyanyuka. Kwa awamu, kama jengo la serikali. Kwanza makalio, yakakaa pale juu yanafikiria. Kisha mkono mmoja. Kisha nikaomba kiti.

Hakucheka, nampa heshima yake. Alieleza kwamba umri ukienda, nguvu ya kwanza kutoroka ni ya mapaja na nyonga, na mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa anaifungulia mlango yeye mwenyewe. Kumbe hairudi kwa kishindo, inarudi kwa kubembelezwa. Kila siku nikae kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, tena na tena. Nisimame kwa mguu mmoja nikipiga mswaki. Nijinyooshe. Nitembee. Nilale mapema. Mtihani wenyewe Ijumaa ya wiki ijayo.

Kukaa na kusimama! Hiyo si ndiyo kazi ya kila mtu kanisani na msikitini? Nilitegemea nitapewa kitu cha maana.

Sindano alikuwepo, nywele zimelowa. Alikuwa anakunywa maji kwa mguu mmoja kama korongo. Akaniambia pole dada, tutazoea. Tutazoea! Nani kamwita "sisi"?

Alhamisi, 6 Machi

Leo asubuhi nimepiga mswaki kwa mguu mmoja. Dawa ya meno imefika kwenye kioo, kwenye pazia na kwenye sikio la Baba watoto, ambaye alikuwa ananyoa kwa amani yake. Akauliza kama hicho ndicho kifafa au tungoje kingine.

Nikaona kiti na mswaki ni mambo ya wanaoanza. Mimi nitafanya kitu halisi. Nikaondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, nikalala kifudifudi, nikaanza kupiga makasia kwa mikono. Raha jamani! Mwili unakumbuka. Nikahesabu wimbi linakuja, linakuja, nikaruka.

Nilifika kwenye magoti. Pini nazo zilikuwepo.

Wakati huo huo akaingia mteja wangu wa koti, mwalimu wa hisabati, mtu asiye na tabasamu. Akanikuta juu ya meza nimepiga magoti, nalia, bitana ya koti lake nimeivaa kichwani. Akauliza kama arudi baadaye. Nikamwambia kitambaa cha aina ile lazima kikatwe kutokea juu. Akaandika namba ya fundi mwingine, yule wa mtaa wa pili. Nilimwona.

Ijumaa, 7 Machi

Mapumziko. Mwalimu alisema mapumziko ni sehemu ya mazoezi, na mimi ni mtu wa kufuata maelekezo.

Lakini akili haijapumzika. Kama siwezi kupanda haraka, basi Sindano ashuke! Nimempikia keki. Siagi nyingi, mayai mengi, sukari bila huruma. Nikampelekea kwa mapenzi yote, nikamwambia ndugu tule, maisha yenyewe mafupi. Kesho nitapeleka nyingine. Mpaka siku ya mtihani awe anahitaji kusukumwa mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Sahani zimerudi. Zimejaa matango. Sindano anashukuru sana, anasema keki amezigawa kwa wenzake wa kuogelea na yeye ameonja kipande, kimempa nguvu, leo ameogelea mbali kuliko siku zote. Anasema nisiache.

Baba watoto amekula matango yote akinitazama machoni.

Kisha mchana, nikiwa nimekaa na hasira zangu, nikaona suruali ya mteja inayosubiri lastiki kiunoni. Nikaivuta lastiki. Nikaiachia. Ikaruka mpaka kwenye kabati la vyombo.

Shajara! Mimi nina magoti mabovu, lakini nina mikono ya dhahabu! Kwa nini nihangaike kuotesha nguvu kwenye mapaja wakati naweza kuishona?

Nimechukua suti mbili za mpira alizoacha binti yangu, zile wanazovaa majini kuzuia baridi. Nimezikata, nimeziunga, nimetengeneza suti moja ya mwanamke mwenye mwili wake. Na ndani, kuanzia nyonga, kupita mbele ya goti, hadi kwenye muundi, napitisha lastiki pana. Si moja. Tabaka juu ya tabaka. Nikikunja goti, lastiki inavutika. Ikivutika, inataka kurudi. Ikirudi, mama huyo juu! Hata wenye vyuo hawajafikiria.

Jumatano, 12 Machi

Suti imekamilika. Nyeusi, ina mshono mwekundu ubavuni, nimeweka na kola ndogo. Sindano ataniomba kipimo.

Kuingia ndani yake ilikuwa vita. Baba watoto alivuta, mimi nikasukuma, tukapumzika, tukaendelea. Akasema tangu tuoane hajawahi kutumia nguvu kiasi hicho karibu na nguo yangu. Nikamwambia akome, watu wazima sisi.

Kisha nikajaribu. Nikalala sakafuni kwa kujitupa, miguu ikanyooka kama reli. Baba watoto akaikandamiza ikunjike, akaiachia. Mungu wangu! Nilisimama kabla sijaamua! Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye bahati nasibu. Baba watoto akauliza kama nimejaribu kukaa nayo.

Maswali ya watu wasiojua kushona. Nani anakwenda kwenye mtihani wa kusimama akajifunze kukaa?

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa nimesimama. Nitaeleza.

Nilifika ukumbini kwa miguu, mwendo wa mkasi. Binti yangu alikuwepo, Sindano alikuwepo, wafanyakazi wote wa shule walikuwepo. Mwalimu akaniambia nilale kifudifudi. Nikajitupa. Wakasema pole. Nikamwambia mwalimu anikunjie miguu kidogo, nina ganzi. Akakunja. Akaachia.

Nikawa juu! Ukumbi mzima ukasema ee! Binti yangu akapiga makofi mpaka bangili zikalia. Mwalimu akanishika mkono, akasema mama umefanya mazoezi kweli kweli. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba ni damu, wengine tumezaliwa hivyo, na nikamtupia Sindano jicho.

Hapo ningeruhusiwa kwenda nyumbani ningekufa mtu mwenye furaha. Lakini mwalimu akasema: "Haya mama, sasa chuchumaa taratibu."

Nikachuchumaa kidogo. Miguu ikakataa. Nikajaribu tena. Miguu ikanirudisha. Wakadhani naogopa. Wakaanza kunitia moyo, mama unaweza, mama unaweza, na mimi napanda na kushuka palepale kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Ndipo Sindano, kwa wema wake ambao sitausamehe, akaja akaniweka mikono mabegani akaniegemea kwa uzito wake wote. Nikashuka. Kweli nikachuchumaa. Akasema, "Umeona, dada?" akaniachia.

Kichwa changu na kidevu chake vilikutana njiani. Tulianguka wote wawili, yeye chini, mimi juu yake. Na mshono wa ubavuni, ule mwekundu, ukaachia, lastiki yote ikamwagika ukumbini kama utumbo.

Mwalimu akaokota kipande kimoja. Akakivuta. Akakiachia. Akamtazama binti yangu.

Garini sikuweza kukaa, mguu mmoja bado ulikuwa na lastiki zake. Nililazwa nyuma, katikati ya mbao za mawimbi, nikafungwa mkanda nisiteleze. Binti yangu aliendesha, mgongo kwangu. Niliona mabega yanatikisika. Nikamwambia asilie mwanangu, ni aibu tu, itapita. Akaegesha gari pembeni. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemeza kichwa kwenye usukani. Kisha akajifuta macho, na alipogeuka nikaona kicheko kimekwisha.

Akasema, "Mama, ungeingia majini na kitu kile, ukaanguka, miguu isingekunjika kuogelea. Bahari haisikii majigambo. Na mimi mama ninaye mmoja."

Nilinyamaza mpaka nyumbani. Baba watoto akamuuliza kama naumwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia binti yangu ampe Sindano wimbi. Nimesema nimeridhika kabisa, nitakaa kwenye kiti nitapiga vigelegele. Nilisema vizuri, kwa heshima, kisha nikaenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Nilipotoka Sindano alikuwa sebuleni, kidevu kimevimba upande mmoja. Akasema hataki. Akasema yeye anajua kuogelea tu, ubao anauogopa tangu mwanzo, alikubali kwa sababu mkwewe alimwomba. Akasema amekuwa akiomba Mungu nifaulu kuliko mimi mwenyewe. "Nilikuegemea kwa nguvu zote, dada, kwa sababu nilitaka ushuke!"

Mimi na yeye tulitazamana. Kisha tukacheka mpaka akashika kidevu kwa maumivu.

Binti yangu na mwalimu wakakaa, wakashauriana. Uamuzi: nisisimame. Nilale kifudifudi mbele ya ubao, nipige makasia kwa mikono, yeye asimame nyuma yangu. Mikono yangu ina nguvu, mwalimu mwenyewe kasema, cherehani imeilea. Na lile zoezi la kiti nilifanye kila siku, mbele ya shahidi. Shahidi ni Sindano. Amekubali haraka mno.

Jumapili, 16 Machi

Tumejaribu.

Maji yalikuwa ya baridi, suti ilikuwa ya kawaida ya shule, hata kola haina. Nililala mbele. Binti yangu nyuma yangu, magoti yake pande mbili za miguu yangu. Akasema bado, mama, bado. Akasema sasa! Nikapiga makasia kama mtu anayedaiwa. Wimbi likatuinua, likatushika, na nyuma yangu nikasikia nyayo zake zinakanyaga ubao, tap, tap, amesimama. Sikumwona. Niliona povu tu na ufukwe unakuja. Lakini nilimsikia anapiga kelele, "Mama! Mama!" kwa sauti ile ile ya mtoto wa kwenye mlango wa kabati.

Sijui niandike nini zaidi. Macho yananiwasha. Ni chumvi.

Jumatatu, 17 Machi

Zoezi la kiti nimefanya. Sindano alihesabu. Alipotazama pembeni niliongeza moja kwa mdomo.

Sasa. Nimekaa nimefikiri. Kulala kifudifudi ni kuzuri, sikatai. Lakini nimeshawaambia wateja wote, na jirani wa juu na wa chini, na dada zangu waliopanda basi kutoka mbali, kwamba mama atasimama. Watasema mama alilala. Mama wa mwalimu mkuu, alilala!

Tatizo langu si kusimama, ni kuanguka. Mtu asiyeanguka atasimama hata polepole, kwa awamu, hakuna anayemfukuza. Na leo, nikitafuta vifungo, nimeona ule mkanda wa kunata wa pande mbili zinazong'ang'aniana, unaochanika kwa kelele ukiubandua. Upande mmoja nitaushona kwenye soksi za mpira. Upande wa pili nitaugundisha kwenye ubao, mbele, pembeni kidogo, binti yangu akiwa kwenye mkutano wa wazazi. Nikishakanyaga, hata kimbunga hakinitoi! Kujibandua nitajifunza baadaye, hilo si la haraka.

Baba watoto nimemwambia ni soksi za baridi.

Kwa hiyo waje wote. Waje na watoto, waje na viti, waje na kamera. Wakae upande wa kushoto, ndiko uso wangu utakakoelekea. Ufunguzi ni Jumamosi hii, tarehe 22, saa tatu asubuhi.