Taa ya Kijani Sebuleni

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Piano imeingia ndani. Hatimaye! Mlango wa sebule ulikuwa mwembamba kuliko nilivyokadiria, basi tukabomoa ukuta kidogo. Mke wangu Bertila anadai kidogo hicho kinapitisha ng'ombe wawili na mchungaji wao. Hajambo kwa kutia chumvi. Ukuta utazibwa baadaye. Kwa sasa kuna turubai.

Piano imetoka kwenye klabu ya shirika moja la umma lililobinafsishwa. Mwekezaji aliitaka klabu, piano hakuitaka. Tukabadilishana na friji langu, lile la biashara ya barafu iliyokufa kwa sababu ya umeme na wivu wa watu. Ndiyo soko huria. Chama cha ushirika kilipotupunguza sisi watunza maghala, tuliambiwa tujiajiri. Nimejiajiri mara nyingi sana.

Shabaha: binti yetu Lois anaolewa Jumamosi ya tarehe 14 na Emmanuel, kijana wa Newala. Sherehe ni hapa hapa nyumbani. Lois ameomba kitu kimoja tu, aingie uani kwa wimbo aliokuwa akiimba marehemu bibi yake, mama wa Bertila, wakati wa kubangua korosho. Nimemwahidi nitaupiga mwenyewe kwa piano. Alifurahi mpaka nikaona aibu.

Jioni nikaijaribu. Paka ametoka kwa njia ya turubai na hajarudi.

Jumatano, 4 Agosti

Kaja Mwalimu January wa kwaya. Mtu wa Kilosa, lakini miaka yote hii Masasi anajiona mwenyeji. Ana kinanda cha umeme, basi hatupumui. Anasema siku ya harusi atampigia Lois bure, iwe zawadi yake, kwa kuwa alimlea kwenye kwaya tangu mdogo. Bure! Mtu anayetoa kitu bure zama hizi ana lake jambo. Nikamwambia asijisumbue. Akaitazama piano yangu kwa huruma, akasema nyuzi zote zimelegea na fundi wa kuzikaza labda apatikane Dar. Kana kwamba Masasi akili zilibinafsishwa pia.

Nikaenda moja kwa moja stendi, kwa Fikirini mwenye duka la kuchapa barua. Cheti changu cha kompyuta nilikipata kwake. Anayo programu ya kurekebisha sauti za ala za muziki. Unasimamisha maiki, unabonyeza kibonyezo cha piano. Sauti ikiwa sawa, taa ya kijani inawaka kwenye skrini. Ikiwa si sawa, nyekundu. Unakaza uzi mpaka uone kijani. Hata January angeweza.

Kaniazima kompyuta ya mtumba na maiki yake. Akauliza kama najua muziki. Nikamjibu kwamba programu ndiyo inayojua, mimi najua spana.

Alhamisi, 5 Agosti

Asubuhi umeme upo. Kimya pia kipo, maana jirani yetu Bwana Husseni ameifungua mashine yake ya kusaga ili abadilishe mkanda. Nikaanza kazi.

Nyekundu. Nikakaza kwa spana ya baiskeli. Nyekundu. Nikakaza zaidi. Nyekundu, na uzi mmoja umekatika ukanichana sikio. Nikahamia mwingine. Nimekaza piano nzima. Nyekundu tupu!

Bertila akanipaka dawa sikioni, akasema labda tumkubalie January. Nikamwuliza yeye yuko upande wa nani. Akasema upande wa Lois. Jibu la mtu asiyejua biashara.

Jumamosi, 7 Agosti

USHINDI!

Ilianza vibaya. Husseni amefunga mkanda mpya na kuwasha mashine tangu asubuhi. Foleni ya kinamama na makopa yao ya muhogo imefika mpaka kwenye turubai langu. Ngurumo mpaka sufuria zinacheza kabatini. Katika mazingira hayo magumu nikawasha kompyuta.

Kijani! Kibonyezo cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Mpaka mwisho, kijani! Hata kile chenye uzi uliokatika. Kumbe nyuzi zilihitaji kupumzika tu baada ya kukazwa. Kompyuta sasa imeizoea piano yangu kiasi kwamba taa inawaka hata kabla sijabonyeza. Hiyo ndiyo teknolojia. Kweli, kwa zile kelele piano yenyewe sikuisikia vizuri. Lakini taa ikishasema, masikio ya nini?

Adhuhuri Husseni alizima mashine akaenda kuswali. Papo hapo taa ikawa nyekundu. Joto, bila shaka. Nikaizima kompyuta ipoe. Aliporudi akawasha yake, nami nikawasha yangu. Kijani tena. Imepoa.

Bertila alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama, akatazama skrini, akauliza mbona hiyo taa inamfuata Husseni. Nikamkumbusha kwa upole ni nani kati yetu mwenye cheti.

Jumanne, 10 Agosti

Leo nimeshughulika na Husseni. Haiwezekani wakwe watoke Newala, wapande gari kwenye vumbi lote lile, halafu piano yangu imezwe na mashine ya unga. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo nilianza na shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikamtaka Jumamosi azime mashine, la sivyo tukutane ofisi ya mtendaji wa kata. Nikataja sheria za kelele. Sina hakika kama zipo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakukuwa na haja ya kutishana. Tangu aliposikia habari za harusi alishapanga kufunga mashine siku nzima, maana Lois ni mtoto wake pia, na mkewe Nuria ndiye atakayesimamia pilau.

Kwa maneno mengine, ameogopa. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 13 Agosti

Lois kanijia akijipindapinda. Anauliza kama nina hakika. Anasema Mwalimu January bado yuko tayari, na kwamba yeye hataki makubwa, anataka tu asikie wimbo wa bibi. Nilichomwa moyo, nakiri. Nikamwambia taa ni ya kijani.

Akaomba nimpigie kidogo. Nikampigia, huku mashine ikinguruma nje. Alisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema hakuusikia wimbo. Nikamshika bega nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho patakuwa kimya, atasikia kila kitu.

Kwa January nimepeleka ujumbe kwamba anakaribishwa kula.

Jumamosi, 14 Agosti

Sitaki kuandika.

Haya, naandika. Hakuna anayesoma.

Husseni alifunga mashine kama alivyosema, akaja amevaa kanzu, akakaa mstari wa mbele. Sijawahi kusikia mtaa wetu ukiwa kimya vile. Turubai likakunjwa, piano ikaonekana na ua mzima. Wakwe wakanong'ona kwa mshangao. Lois akasimama penye uwazi wa ua, amevaa nyeupe, mzuri, mkono wake mkononi mwa Emmanuel. Akanitazama mimi. Nikapiga.

Ilikuwa kama mtu anamwaga vijiko kwenye beseni.

Nikafikiri nimekosea mahali pa kuanzia. Nikaanza tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto mmoja akalia. Mzee Mathias, baba mdogo wa Emmanuel, akauliza kwa adabu kama bado tunajaribu mitambo. Kuna vijana waliocheka. Lois hakupiga hatua. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya furaha. Namjua mwanangu. Nilitamani turubai litudondokee mimi na piano. Sijawahi kuona aibu vile, hata siku ile ushirika uliposoma majina yetu mbele ya ghala.

Ndipo Bertila akaweka sinia chini, akaanza kuimba. Peke yake, bila ala yoyote. Sauti ya mama yake kabisa. Nuria akatoka kwenye pilau, akaanza kupiga makofi. Kisha wanawake wote. January alikuwa ameficha kinanda chake nyuma ya mapipa ya maji, nilikiona. Hakukitoa. Akapiga makofi pamoja na wengine.

Lois akatembea. Alitembea vizuri.

Nililia kidogo. Ni vumbi la Newala, walikuja nalo.

Jumapili, 15 Agosti

Lois kaondoka na wakwe. Wakati wa kuagana alinikumbatia akasema asante baba kwa kujaribu, ila nimwahidi kwamba ile piano nitaachana nayo. Nikaahidi. Nilikuwa namaanisha kabisa. Kanisani watu wanampongeza Bertila. Mimi wananipa pole.

Jumatatu, 16 Agosti

Husseni amewasha mashine tangu asubuhi. Fikirini anakuja kuchukua kompyuta yake. Nikasema acha niwashe mara ya mwisho, niiage.

Kijani.

Vibonyezo vyote. Kijani! Nikakaa kwenye kigoda nikafikiri kwa makini, na sasa kila kitu kiko wazi. Piano haina kosa hata chembe! Ni piano ya kupigwa pamoja na mashine. Mashine ikinguruma, inakubali. Mashine ikinyamaza, inakataa. Na ni nani aliyezima mashine mbele ya wakwe zangu? Husseni! Eti heshima! Eti ujirani! Akakaa mstari wa mbele na kanzu yake, akitazama ninavyoaibika.

Nilipomweleza Bertila, akasema ndivyo alivyoniambia siku ile na ndoo kichwani. Sikumbuki. Hata kama alisema, hakufafanua kitaalamu.

Kumtegemea Husseni tena siwezi. Lazima niwe na mashine yangu. Mzee Mathias anayo moja kuukuu huko Newala, aliitaja juzi wakati wa chai, kabla ya piano. Kesho nakwenda. Nitamlipa kwa mavuno yajayo: mikorosho yetu imeshatoa maua, na mfanyabiashara mwenye akili hununua korosho zikiwa bado maua. Lois nitapita kumsalimu, ila la piano sitaligusa. Nilimwahidi kuachana na piano. Kuhusu mashine ya kusaga hakusema lolote.

Msimu wa harusi unaokuja, nitakuwa na piano na mashine chini ya paa moja. Wageni waje na makopa yao. Muziki na unga! January atafute pa kuweka uso wake.

Mchana nimemkuta Bertila amekanda udongo, ameanza kuziba ule ukuta. Nimemsimamisha. Mashine ya Mzee Mathias haiwezi kupita mlangoni.