Mpaka Uko Shingoni

Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, Mkurugenzi wa Ustawi wa Watumishi alitangaza kwamba mtumishi amekwishagawanywa rasmi. Kuanzia shingoni kwenda juu atakuwa chini ya mwanasaikolojia, chumba namba saba. Kuanzia shingoni kwenda chini atakuwa chini ya kocha wa afya, chumba namba nane. Kamati ya Mipaka ya Mtumishi ilikaa miezi kumi na moja kuligundua hilo, ikajipigia makofi.

Fundi wa lifti aliusoma waraka ubaoni mara mbili. Alikuwa mtu wa spana, si wa nyaraka, lakini huu ulimhusu. Tangu mwenzake alipoanguka kwenye shimo la lifti akafa, yeye hakuweza kuingia tena humo. Akiukaribia mlango mikono inatetemeka, na usingizi ulishamhama. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi alete cheti cha kufaa kazini chenye sahihi za vyumba vyote viwili na ya Mkurugenzi. Akikikosa, anastaafishwa. Kazi nyingine hakuijua.

"Nini kinakusumbua, kaka?" mwanasaikolojia alimuuliza kwa upole.

"Moyo, dada. Moyo unaniuma."

Mama wa watu akaweka kalamu chini. "Moyo uko kifuani. Huo ni wa jirani."

Jirani, jamaa mwenye raba nyeupe, alimpokea kwa furaha. "Lengo lako wiki hii?"

"Nisimwone marehemu kila nikifumba macho."

"Macho yako juu ya shingo, bwana fundi. Mimi nitakupa hatua elfu sita kwa siku, na maji ya kutosha."

"Na woga? Unaanzia tumboni."

"Tumboni ni kwangu. Ukipanda kichwani, mrudie mama."

Wiki nzima fundi alikwenda huku na huku kama mpira. Mwishowe akasimama koridoni, milango yote miwili ikiwa wazi.

"Nyie mmetenganishwa na ukuta wa ubao tu. Mmoja akikohoa, mwenzake anasema pole. Mnashindwaje kuzungumza?"

Walizungumza nyuma ya tangi la maji, wakati wa chai.

"Mimi namsaidia kulitazama lililompata," alisema mwanasaikolojia. "Kupanga kesho afanye nini, kidogo kidogo, hapo wewe unanizidi."

"Na mimi jeraha silijui," alisema kocha. "Nikilichokonoa nitamharibu. Nilikuwa namtembeza tu."

Basi wakamshika pamoja. Kocha alipanga: leo gusa mlango, kesho fungua, keshokutwa weka mguu mmoja. Mwanasaikolojia alisimama kando akimsikiliza. Siku ya nne fundi alilia kwa sauti. Siku ya tisa alipanda ngazi ya chuma shimoni, ghorofa nzima. Wote wawili wakatia sahihi.

Mkurugenzi akakataa kutia yake. Barua ilieleza kwamba wataalamu "wamemuunganisha mtumishi bila kibali". Fundi akaamriwa akabidhi spana Ijumaa.

Ijumaa hiyo, lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, Mkurugenzi na Kamati nzima wakiwa ndani.

"Nani hapo?" Mkurugenzi aliuliza aliposikia hatua nje ya mlango.

"Fundi, mzee. Nimekuja kukabidhi spana."

"Fungua, ndugu yangu. Moyo unanienda mbio."

"Pole, mzee. Huo wa kocha."

"Nahisi nitafia humu."

"Hayo mawazo. Chumba namba saba."

"Waite wote wawili."

"Pamoja? Waraka unakataza, mzee. Na cheti changu hakina sahihi yako."

Fundi akapenyeza kalamu na cheti kwenye upenyo wa mlango. Cheti kikarudi na sahihi, na nyuma yake maneno: waraka umefutwa. Akakikunja, akawaita wale wawili, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaingia shimoni. Mikono ilitetemeka kidogo, halafu ikakumbuka kazi.

Huku nyuma kocha aliihesabia Kamati pumzi, ndani, nje. Mwanasaikolojia akasogeza mdomo mlangoni.

"Mzee, hali hii ya kubanwa ilianza lini?"

"Tangu waliponipa cheo hiki," sauti ya Mkurugenzi ilijibu, ikilia. "Sikijui. Sijawahi kukijua hata siku moja."

Pumzi za Kamati zikasimama.

"Katibu," Mkurugenzi akanong'ona, "hilo lisiingie kwenye muhtasari."

"Limeshaingia, mzee."