Barakoa, Ndevu na Dawa Chungu

Jumatatu, 3 Machi

Goti la Shangazi limekataa ngazi. Ametangaza mwenyewe asubuhi, amekalia robota la nailoni pale ghalani, sisi tumesimama mbele yake kama wanafunzi waliochelewa. Miaka kumi na minane amewaongoza watu kuondoa asbesto katika nyumba, maduka na maofisi. Sasa anatafuta wa kushika nafasi yake. Kazi ya kupimia ni warsha ya ushonaji: dari lote ni vibao vya asbesto vilivyochoka, na chini yake wanashona mafundi kumi na wanne. Atakayeisimamia ndiye atakayeongoza kikosi tangu siku hiyo.

Wagombea wawili. Mimi: shahada ya kemia, miaka miwili ya kujaza fomu katika chumba kisicho na dirisha. Binamu, mtoto wa baba mkubwa: ndevu.

Sisemi hana kingine. Ana sauti, ana vichekesho, ameshika ngazi tangu amalize shule. Ila ukimtazama, ndevu zinakufikia kwanza. Anazipaka mafuta. Kichana chake kinakaa mfuko wa ovaroli, karibu na bisibisi.

Mimi nikibaki ofisini mwaka mmoja zaidi nitageuka faili. Penye nia pana njia, na nia ninayo tangu darasa la tatu.

Jumatano, 5 Machi

Njia imepatikana, tena imeandikwa ndani ya kanuni za kazi. Barakoa sharti ikae juu ya ngozi tupu. Nywele zikiingia kati, vumbi linapita nazo, na nyuzi za asbesto zikishaingia kifuani hazitoki. Miaka yote Binamu amevaa ile kofia kubwa yenye mota ya kusukuma hewa, isiyojali ndevu. Mota imekufa wiki iliyopita. Hakuna aliyeliwaza hilo ila mimi.

Nimeuacha ukurasa wa kanuni mezani kwa Shangazi, mstari wenyewe nimeupaka rangi ya njano. Ameusoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza kama nina neno. Nikasema ni wasiwasi wa kitaalamu tu. Akasema wasiwasi mzuri haubagui: kesho watu wote watapimwa barakoa, na mwanakemia wetu ndiye atakayechanganya dawa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unavaa barakoa, unafunikwa kichwa kwa mfuko mpana, inanyunyizwa dawa chungu ndani ya mfuko. Ulimi ukionja uchungu, barakoa inavuja, huingii kazini.

Nimeichanganya kali mara tatu ya kiasi kilichoandikwa. Uwazi wa matokeo ndiyo sayansi. Kwa kuwa mimi ni mtu makini, nimeonja kila hatua. Jumla mara tisa.

Alhamisi, 6 Machi

Amenyoa.

Nimempita mlangoni bila kumsalimia nikidhani ni mtu wa umeme. Uso kama yai lililomenywa. Kidevu ni kidogo, cha kusikitisha, kama kimeazimwa kwa mtoto. Mzee Nailoni, fundi wetu wa kuziba vyumba, amemkaribisha kiti na kumuuliza ametoka wapi mgeni wetu. Binamu akacheka kuliko wote. Akaniambia kazi ni kazi, dada, ndevu si mguu, zitaota.

Akachagua barakoa ya kawaida, akaivaa, akaingia mfukoni. Shangazi akanyunyiza. Akamuuliza kama kuna uchungu. Akajibu hakuna kitu, Shangazi, ni kama upepo wa asubuhi. Akanyunyiza tena. Upepo tu.

Zamu yangu. Hapa lazima niwe mkweli, maana shajara haina pa kukimbilia. Ulimi wangu ulikuwa umekufa tangu jana. Chai ya asubuhi ilikuwa chungu. Sukari ilikuwa chungu. Nimelamba kifuniko cha kalamu, nacho kichungu. Kwa hiyo nilipoulizwa ndani ya mfuko, sikuweza kujua kama barakoa inavuja au ni dhambi zangu. Kusema hapana kulikuwa rahisi: neno moja, na usimamizi ungekuwa wangu. Lakini mimi namfanyia hila mwanadamu, vumbi silifanyii. Nikasema ni chungu, Shangazi, chungu sana.

Shangazi akanifunua kichwa. Binamu alikuwa pembeni, amelikumbatia jagi la maji. Alilinywa lote. Nililia chooni dakika nne kwa saa yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi!

Shangazi alikuwa ameliona jagi. Ameita kikosi chote ghalani na kumuuliza Binamu, kwa upole unaotisha, ni upepo gani wa asubuhi unaomkausha mtu koo namna ile. Binamu akajikuna kidevu kipya. Akakiri kwamba ilikuwa chungu kama shubiri, ila aliona aibu kunyoa bure. Barakoa aliyochagua ilikuwa kubwa, bado alikuwa anapimia uso wenye ndevu.

Tukapimwa upya, kwa dawa ambayo Shangazi ameichanganya mwenyewe. Mimi, ulimi umelala usiku kucha: sikuonja chochote. Nimefaulu. Binamu na barakoa ndogo: naye amefaulu. Kisha Shangazi akatamka. Msimamizi ni mimi. Binamu ni msaidizi wangu.

Mzee Nailoni amenifuata nje kunipongeza. Akasema, mwanangu, hujachaguliwa kwa elimu. Umechaguliwa kwa sababu ulisema chungu siku ambayo chungu ilikuwa inakukosesha nafasi. Nimemshukuru. Mzee ana maoni yake. Ukweli ni kwamba bila ule mchanganyiko wa mara tatu, Binamu asingeona kiu, na bila kiu hakuna jagi. Hesabu iko wazi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya tatu ndani ya warsha. Chumba kimezibwa kwa nailoni tabaka mbili, mashine ya kuvuta hewa inanguruma, vibao tunavilowesha kwanza ndipo tunafungua skrubu moja moja. Hakuna kilichovunjika. Kila kibao kinafungwa mara mbili na kubandikwa onyo. Nimeamuru kwa ishara ya mkono, na watu wametii!

Mwenye warsha, ambaye mafundi wake humwita Mama Sindano, amekuja hadi kwenye nailoni kudai mkasi wake mkubwa alioacha ndani. Dakika moja tu, mwanangu, sare za watoto zinasubiri, na hapa nimepumua miaka ishirini sijafa. Nikamwambia kupitia barakoa kwamba haingii. Akasema sisikii. Nikasema haingii. Binamu akatoka, akaoga vumbi lote, akaenda kumwazimia mkasi duka la jirani. Amenisaidia vizuri. Inanitia mashaka.

Jumatano, 12 Machi

Hewa imepimwa na mkaguzi. Safi. Mafundi kumi na wanne wamerudi kwenye vyerehani, na Mama Sindano ametazama juu kwenye dari jipya, akasema kumbe chumba hiki kina mwanga. Nimepeana mikono na kila mtu, na wengine mara mbili.

Shangazi ana habari kubwa zaidi. Hospitali inataka paa zima liondolewe. Ametaka mimi na Binamu tuandae mpango pamoja, tuonyeshane kila kitu, bila kufichana. Tukamwitikia kwa pamoja. Binamu akaniambia tuyasahau ya dawa chungu, eti yeye hata hajui nani aliizidisha ukali. Nikasema hata mimi sijui.

Nimejifunza mengi wiki hii, hasa kwamba hila ikipangwa kwa umakini haishindwi. Kwa hiyo nimeandaa mipango miwili. Ule wa kweli utakwenda kwa Shangazi. Ule mwingine, wa Binamu, una kosa dogo ukurasa wa nne, hesabu ya marobota ya nailoni, lisilomdhuru mtu. Binamu ataupitisha bila kuliona, nami nitaligundua mbele ya Shangazi kwa mshangao mkubwa. Nimeitia kila mmoja katika bahasha yake na kuzifikisha zote mbili jioni hii kwa mkono wangu.

Zote zilikuwa za kaki, bila jina juu. Nina uhakika wa asilimia tisini kwamba sikuzichanganya.