Nyumba ya Pargeter Isiguswe

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,
Shule ya Sekondari ya Tolleshunt,
Askerby, Yorkshire.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi, na poleni na mvua. Mimi ni Desmond Hebblethwaite, niliyesoma hapo enzi za wavulana tu, kabla shule haijaunganishwa na ile ya wasichana na kuezekwa paa linalovuja. Nimesikia Bodi imeamua wanafunzi wagawanywe katika nyumba tatu badala ya nne, na kwamba itakayofutwa ni Pargeter, eti kwa sababu haijawahi kuchukua Kombe la Nyumba. Babu yangu alikuwa Pargeter, baba yangu Pargeter, mimi pia, na sasa mjukuu wangu Tamsin yuko humo humo, kidato cha pili. Nimechukia, na sababu ni hizi.

1. Historia. Mwanzilishi wetu, Sir Edmund Tolleshunt, alizipa nyumba tatu majina ya askofu, jenerali na yeye mwenyewe. Ya nne aliipa jina la shemeji yake, Bwana Pargeter, aliyegombea udiwani maisha yake yote, akashindwa kila mara, na kila mara akaenda kumpa mshindi mkono. Sisi tunaendeleza kazi yake. Kutulaumu kwa kushika mkia ni kama kumlaumu askofu kwa kusali.

2. Chakula. Foleni ya mchana hufuata msimamo wa kombe. Sisi tukifika, sinia limebaki ukoko wa wali wa maziwa, ule wa pembeni ulioungua. Tumelelewa na ukoko huo. Mkitutawanya kwa wenzetu, watoto watapakuliwa wali laini wa katikati, na matumbo yao hayajauzoea.

3. Makofi. Siku ya michezo nani hupiga makofi? Walioshinda wameshika kombe, mikono imejaa. Wa pili wamenuna. Wa tatu wanamtafuta mwamuzi. Ni Pargeter peke yao wanaopiga, tena kwa moyo mweupe.

4. Taifa. Zikibaki nyumba tatu, mojawapo itabidi iwe ya mwisho, na haina mafunzo yoyote. Nilipompa Tamsin habari hizi aliweka kijiko chini akasema, "Babu, mimi siendi nyumba ya Tolleshunt. Wale wakishindwa kidogo tu wanalia mpaka mama zao wanaitwa." Mheshimiwa, machozi yalinitoka. Hao ndio mawaziri wetu wa kesho. Penalti ya Uingereza ikipaa juu ya goli watavunja televisheni, wakati mtoto wa Pargeter huinuka tu akabandika birika la chai.

Kwa hiyo naomba Pargeter ibaki, na kanuni za shule ziseme wazi kwamba nafasi ya mwisho ni yetu, asituingilie mtu. Msipokubali nitajifunga kwenye lango kuu kwa tai yangu ya kahawia ya Pargeter, na mwalimu mkuu, Bi Okell, atapitia mlango wa jikoni.

Nisalimie wajumbe wote, walimu, na wapishi, hasa yule anayeunguza wali.

Ni mimi, mtiifu wenu kwa sasa,
Desmond Hebblethwaite

Baada ya kuandika: Nilikuwa natafuta stempu, Tamsin akaingia kutoka kwenye michezo ya leo, matope hadi masikioni, kabeba Kombe. Nyumba zile tatu zimefutiwa alama zote kwa kumrushia mwamuzi matope. Watoto wetu walikuwa wanapiga makofi tu. Nimelibusu Kombe, nimelinywea chai, nimewapigia simu Watolleshunt wote ninaowajua, na wawili nimewapigia tena. Sikujua kushinda ni kutamu hivi, na nasikitika kwamba baba hakuonja. Tamsin ananiambia, "Babu, waambie watufute leo leo, tukiwa bado mabingwa." Ana akili huyu mtoto. Tafadhali futeni Pargeter, ikiwezekana kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu kuna mashindano ya kuogelea.