Hedifoni za Fundi Mkuu

Jumatatu, 4 Machi
Fundi mkuu wa studio anastaafu. Kiti chake tunakitolea macho wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Bosi kasema kila mmoja achanganye na kusawazisha sauti za wimbo uleule wa kwaya; Ijumaa ataamua. Nimemwambia mke wangu mambo yameiva. Akauliza, yameiva kwa nani? Damu nzito kuliko maji!

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua hedifoni mpya. Muuzaji kauliza ni za starehe au za kazi. Eti za kazi hazipambi sauti, ukikosea zinakusema. Ninunue kitu cha kunisema? Mke ninaye. Nimechukua zenye besi ya kutikisa meno. Shemeji bado na zile kuukuu, zimefungwa utepe pembeni. Aibu kwa ukoo!

Jumatano, 6 Machi
Besi ya wimbo imezidi. Nimeipunguza. Bado. Nimepunguza tena, na tena, mpaka ikakaa sawa masikioni. Utamu! Shemeji kapita, kashauri niusikilize na kwenye spika. Asiyejua maana haambiwi maana. Nimetabasamu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaenda kula. Nimezivaa kuukuu zake, nikausikiliza wimbo wangu. Besi hakuna! Kwaya nzima inalia kama mbu. Kumbe anafanya kazi kwa takataka! Hofu yangu ikaisha. Nimemkazia na utepe uliolegea, asije akapata kisingizio cha kununua nyingine. Kanishukuru sana. Nikamwambia undugu ni kufaana, si kufanana.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeomba wangu uanze. Laiti ningenyamaza. Kwenye spika za bosi, mbu walewale! Mwalimu wa kwaya kauliza wanaume wake nimewapeleka wapi. Watu wakacheka. Ukaja wa shemeji: wanaume wote wapo, hadi mmoja anasikika akivuta pumzi. Kiti kapewa yeye. Akasimama kunishukuru mbele ya wote kwa kumtengenezea hedifoni. Makofi! Na mimi nikapiga. Nimeumia, sifichi. Miaka yote nimekaa nyuma ya kiti kile nikijua ni changu. Nyumbani, mke kampigia kaka yake simu kumpongeza, sauti juu, mlango wazi.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi mkuu mpya kaniagiza niurudie wimbo wangu, la sivyo bosi ataniondoa. Kaniletea hedifoni zake mwenyewe nyumbani, eti nizitumie. Huruma ya mshindi! Mke kanisihi nizipokee. Nimemrudishia kaka yake mlangoni. Tatizo nimeshalijua: zangu zilikuwa na besi ndogo. Nimezibadilisha dukani kwa zenye besi kubwa kuliko zote. Muuzaji alitaka kusema neno, nikamkata kauli. Sasa nimeuweka wimbo. Besi imejaa hadi kope zinanicheza.

Nitaipunguza.