Idhini ya Kompyuta Kuongea

Ofisi yetu ilitangaza kwa fahari kuu kwamba hakuna kompyuta itakayoongea na mwenzake bila idhini ya Mkurugenzi. Tangazo nililiandika mimi mwenyewe, Naibu Mkurugenzi, nikaligonga muhuri juu na chini.

Chanzo kilikuwa utovu wa nidhamu. Tuliunganisha kompyuta zetu nne zitumie printa moja, lakini faiwoli, yule mlinzi anayekaa ndani ya kila kompyuta, ikagoma. Kompyuta ya mhasibu ilibisha hodi kwa ya katibu muhtasi, ikafungiwa mlango. Printa nayo ikanuna. Tukaita fundi.

"Kazi ndogo hii, wakubwa," fundi akasema. "Naziambia tu kwamba kompyuta za humu ndani zinaaminiana. Wa nje hapiti, nyie mnaendelea na kazi."

Mkurugenzi akavua miwani. "Zinaaminiana? Kwa idhini ya nani?"

Nilimuunga mkono papo hapo. Mhasibu simwamini hata kwa kalamu ya kuazima, sembuse kompyuta yake!

"Kila ombi la kompyuta kuongea lipite kwangu kwanza," Mkurugenzi akaamuru.

"Mzee, maombi ni mengi mno. Utachoka."

"Wewe funga waya. Utawala tuachie wenyewe."

Fundi akafanya alivyoambiwa, akaenda zake akiguna.

Tangu hapo Mkurugenzi hakuinua uso. Kila karatasi ilipotaka kuchapwa, kisanduku kilichomoza kwenye skrini yake kikiuliza: Ruhusu au Kataa?

"Mkuu, bofya!" mhasibu alipaza sauti kutoka chumba cha pili.

"Na mimi, bosi wangu jamani! Ukurasa wa pili huo!" katibu muhtasi akadakia.

Chai yake ikapoa. Akajaribu kwenda msalani, kazi zote zikakwama, akarudishwa kwa makelele huku akifunga mkanda. Nilimhurumia sana, maana Mkaguzi wa makao makuu alikuwa njiani kuja kuchagua mtu wa kupandishwa cheo ahamie huko, na Mkurugenzi alishashona suti ya kuhamia nayo.

Mkaguzi akaingia. "Yule aliyeinama pale ni nani?"

"Ndiye Mkurugenzi, mheshimiwa," nikajibu.

Mkurugenzi akanyanyuka kumpa mkono.

"Mkuu, bofyaaa!"

Akaketi, akabofya. Akanyanyuka tena, kompyuta ikalia, akaketi. Mwishowe akasalimia kwa mkono wa kushoto, macho kwenye skrini.

"Mheshimiwa, shikamoo, mimi kuhamia niko tayari hata kesho!"

Mkaguzi aliguswa mpaka akatoa leso. "Uhame, halafu nani abofye? Thubutu! Mtu muhimu namna hii hang'olewi. Utakaa kiti hichohicho mpaka ustaafu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe Naibu, ukiondoka hapa kitakwama nini?"

Nikafikiri kwa moyo mweupe. "Hakuna, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Makao makuu wote tuko hivyo. Fungasha twende."